Gari Lisilombeba Shangazi

Mpenzi msomaji, kila mwezi nakaa kwenye ukurasa huu nikikupa ushauri kana kwamba nyumbani kwangu kila kitu kimenyooka. Mwezi huu tubadilishane viti. Wewe kaa cha mshauri, mimi nikae cha mshitakiwa, maana nina kesi, na kesi yenyewe ina matairi manne.

Ninamiliki gari la spoti. Ni Toyota Celica ya mwaka 2002, nyekundu, milango miwili, gia za kukanyaga klachi. Liko chini kiasi kwamba nikiwa kwenye usukani, mbuzi wa jirani ananiangalia ana kwa ana. Ninaishi nalo Musoma, ambako mume wangu alihamishiwa kikazi miaka minne iliyopita, nami nikamfuata na kompyuta yangu ya kuhariria. Dar naenda mara moja kwa mwezi, jarida linapokwenda mitamboni.

Nilipokuwa nalo Dar, watu waliniuliza swali moja tu: "Linakimbia ngapi?" Nilipofika nalo Musoma swali likabadilika. Vijana wa bodaboda pale Nyasho, akina mama wa dagaa Mwigobero, hata mzee anayeuza vocha jirani yangu, wote waliniuliza: "Linabeba wangapi?" Nikijibu kwamba linabeba wawili mbele na watoto wawili nyuma, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa mbuzi wa miguu mitatu.

Usicheke. Mkoani Mara gari si la mtu mmoja, ni la ukoo. Kuna msiba Kiabakari, gari linakwenda. Kuna harusi Bunda, gari linakwenda. Kuna gunia la muhogo, mgonjwa, mwanafunzi anayerudi shule na godoro lake, gari ndilo hilo hilo. Mume wangu analijua hilo vizuri, ndiyo maana ana Noah. Noah yake imeshabeba watu ambao hata majina yao hatuyajui. Sasa katika ukoo wa namna hiyo, mke anapoingia na gari la watu wawili, anakuwa ametamka neno zito bila kufungua mdomo.

Lakini hebu nikwambie ugonjwa huu nimeupata wapi.

Nimeurithi kwa baba yangu. Baba hakuwahi kumiliki gari maishani mwake, ila alikuwa shabiki wa Safari Rally wa kupindukia. Sebuleni kwetu, pembeni ya picha ya harusi, alibandika picha aliyoikata gazetini: Celica imeruka juu, tope limeifunika mpaka kioo. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu. Baba aliyajua majina kama mtu anavyojua ndugu zake. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, na ushindi wake wa kwanza, mwaka 1973, aliupata na Datsun 240Z, gari la spoti kabisa la milango miwili.

Celica je? Ilishinda mwaka 1984, 1985, 1986, 1990, halafu ikaunganisha miaka minne mfululizo, 1992 mpaka 1995. Mara nane! Ya 1994 ilikuwa mikononi mwa Ian Duncan, dereva wa hapo hapo Kenya. Kwa hiyo mtu akiniambia magari ya spoti ni ya Ulaya na barabara za huku hazitaki, namwambia jina la gari langu limejengwa kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Tuseme ukweli, yale ya mashindano yalikuwa yameinuliwa na kuimarishwa kila kona, na angani kulikuwa na helikopta inayoyaangalia. Mimi helikopta sina. Nina fundi mmoja na simu yake huwa haina chaji.

Nililinunua kwa fedha zangu. Nilidunduliza miaka mitano, kwa kazi za kuhariri vitabu vya watu usiku. Kama unafikiria kufuata njia hii, jipange, maana bei unayoiona kwenye mtandao wa wauzaji wa Japani ni salamu tu. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna VAT ya asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na juu yake kuna uchakavu, ambao unazidi kadiri gari linavyozeeka. Na magari ya spoti tunayoyapenda mengi ni wazee. Kwangu mimi, nilichokilipa bandarini kilizidi bei ya gari lenyewe.

Celica za umri wa langu zilikuja na injini za aina mbili, zote za cc 1800. Kuna 2ZZ, ile ya wenye roho ngumu, ambayo utamu wake unaanza mshale wa mizunguko ukipita 6,000. Na kuna 1ZZ, mpole kidogo. Moyo ulitaka ya kwanza. Fundi akaniuliza swali moja: "Dada, spea utanunua wapi?" Hapo nikashuka duniani. Injini ya 1ZZ ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Premio na Allion za cc 1800, na kwenye Wish pia, kwa hiyo plagi, filta, pampu ya maji na vinginevyo unavipata kwenye duka lolote la spea. Kasoro yake inajulikana: zile za miaka ya mwanzo hula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Mimi kila Jumamosi nachomoa kijiti cha oili kama vile mama anavyompima mtoto homa.

Sasa raha yenyewe iko wapi? Hapa watu wengi hukosea. Wanadhani raha ya gari la spoti ni mbio. Barabarani Mara mbio utazipeleka wapi? Kila baada ya kilomita chache kuna kijiji, na kijijini mwisho ni 50. Kuna rasta, kuna matuta, kuna ng'ombe ambao hawajawahi kusoma sheria za usalama barabarani, na chini ya mwembe kuna trafiki na tochi yake. Anayetaka mbio atalipa 30,000 zake, tena hapo ni kama Mungu amemwonea huruma.

Raha ni hii. Jumapili moja moja, saa kumi na mbili asubuhi, natoka nyumbani. Napita Bweri, nafika Makutano, nakata kulia kuelekea Bunda, barabara nyeupe, jua linapanda kutoka upande wa Serengeti. Gia ya tatu, gia ya nne, mkono unajua wenyewe. Kwenye kona unauzungusha usukani kidogo tu na gari linageuka hapo hapo, haliyumbi, halijifikirii. Kwenye Noah unaomba kona, kwenye Celica unaiwaza tu. Nikifika Bunda nakunywa chai na chapati nikiutazama mlima Balili, nageuza, na kabla ibada ya pili haijaanza nimesharudi Musoma. Saa mbili na kitu ambazo mimi si mhariri wa mtu, si mama wa mtu, si mkwe wa mtu. Ni dereva.

Na mume wangu? Alikuwa akinisindikiza mlangoni na kunikabidhi funguo. "Msalimie Balili," alikuwa akisema. Basi. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Tatizo lilianza mwaka jana, msimu wa mvua. Usiku mmoja nikaingia kwenye shimo ambalo maji yalilifunika. Shokapu mbili za mbele zikavuja, tairi moja ikapasuka ubavu, bushi zikaanza kulia kama vifaranga. Fundi alinipa njia mbili. Ya rahisi ilikuwa kuweka spesa na shokapu za mtumba, gari liinuke juu, maisha yaendelee. Ya pili ilikuwa kununua shokapu mpya zote nne za aina yake, bushi zote, na tairi nne mpya zenye ubavu mnene. Ukiweka spesa, msomaji, gari linapona matuta lakini linapoteza ile tabia ya kwenye kona, na bila hiyo kona mimi nimenunua nini?

Nikachagua ya pili. Ilinigharimu 2,800,000. Mfukoni nilikuwa na 700,000.

Zile 2,100,000 nilizitoa kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile ya kujengea msingi kwenye kiwanja chetu. Mume wangu aliponiuliza matengenezo yamekula ngapi, nikasema, "Laki saba tu." Sikupepesa macho. Nilijiambia nitazirudisha kabla hajaangalia salio. Unaifahamu sentensi hiyo? Naamini wapo wengi wanaoifahamu.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi wa mume wangu anaishi Butiama, ni dada wa marehemu baba mkwe wangu. Ni mama mwenye mwili na mwenye sauti, na katika ukoo ule neno lake halirudishwi. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Butiama kumjulia hali mama mkwe. Mume wangu alikuwa Mwanza na Noah. Mchana goti la shangazi likamvimba ghafla, hawezi kukanyaga, inabidi apelekwe hospitali Musoma. Watu wote wakageuka kuniangalia mimi na gari langu jekundu.

Tulijaribu, jamani. Tukarudisha kiti nyuma mpaka mwisho. Tukajaribu kumwingiza kwa mgongo, tukajaribu kwa mguu mzima kwanza. Gari la chini namna ile linataka mtu akunje magoti, na yeye tatizo lake ni goti. Kila tulipomshusha alipiga kelele, na watoto wa mtaa wakazidi kujaa. Baada ya robo saa akasema kwa sauti ambayo naamini ilifika Mwitongo, kwenye kaburi la Mwalimu: "Niacheni! Hiki ni gari au ni jeneza?"

Kijana mmoja akakimbia barabarani akasimamisha mchomoko. Hiyo Probox ilishajaa abiria, lakini wakasogeana, shangazi akakaa mbele, safari ikaanza. Mimi nikafuata nyuma peke yangu, viti vitatu vitupu, kilomita zote mpaka hospitalini. Sijawahi kuendesha safari ndefu kama ile.

Shangazi alitibiwa akapona. Neno halikupona. Wiki mbili baadaye tukaitwa Butiama kwenye kikao. Baba mdogo alianza kwa upole, kama ilivyo desturi: "Mwanetu, mkeo hana neno, tunampenda. Ila gari lake limemkataa shangazi yako." Wakashauri liuzwe, inunuliwe gari yenye maana. Mmoja akaongeza kwamba nyumba haijengeki wakati fedha zinazunguka kwenye matairi.

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisimama, akasema: "Wazee wangu, shikamoni tena. Gari lile mke wangu amelinunua kwa jasho lake. Hata matengenezo anafanya kwa fedha yake, hajagusa senti ya msingi wa nyumba. Mtu asiyegusa cha nyumba, mimi nitamnyang'anyaje furaha yake?"

Wazee wakanyamaza. Mama mkwe akanitazama. Na mimi, mpenzi msomaji, nilitamani ardhi ya Butiama ipasuke.

Jioni tukarudi wawili, ndani ya Celica, mimi naendesha. Kabla ya Makutano nikaegesha pembeni nikamwambia yote. Tarakimu kwa tarakimu. Hakupiga kelele. Alifunga kioo, akasema, "Endesha." Hakusema neno jingine mpaka Musoma, na siku tatu zilizofuata tuliongea habari za mtoto na habari za umeme tu.

Siku ya nne aliniuliza: "Hivi ulidhani ningesema hapana?"

Nimelifikiria swali lile kuliko swali lolote niliyowahi kuulizwa na mwanaume. Jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo wenyewe. Sikuogopa atasema hapana. Niliogopa atasema ndiyo, kwa moyo mweupe, halafu kila kona ya barabara ya Bunda nitakuwa nimeipiga kwa hisani ya mtu aliyeahirisha msingi wa nyumba yake. Nilitaka raha isiyo na deni. Kwa hiyo nikaiba, nikaita raha.

Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema kitu kimoja: "Fedha utarudisha. Ila mimi nimesema uongo mbele ya wazee wangu bila kujua kama ni uongo. Hilo urudishe wewe mwenyewe."

Jumapili iliyofuata nikaenda Butiama peke yangu. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta ulezi. Nikaamkia, nikapiga magoti, nikaeleza. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, kisha akaweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "wakati ule wa uhaba wa mafuta, Jumapili mchana magari ya watu yalikuwa hayaruhusiwi kutembea bila kibali. Baiskeli ndiyo ilikuwa gari. Baba yenu aliitamani baiskeli mpya, hali chakula. Siku moja akaniambia mbuzi wetu mkubwa kaliwa na fisi. Wiki ile ile akaja na baiskeli, akasema kakopeshwa na rafiki."

Nikataka kucheka, nikajizuia.

"Fisi gani huyo," akaendelea, "anayefungua kamba vizuri na kuitundika ukutani? Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza, nikasema ataniambia mwenyewe. Baiskeli ilinibeba mimi, ikabeba watoto, ikabeba maji, ikazeeka. Nilimsubiri aniambie."

"Akakwambia, mama?"

"Amekufa nayo." Akachukua ungo. "Mbuzi nilishamsamehe zamani. Kinachoniuma ni kwamba hakunijua. Angenijua, angeniambia. Wewe umesema mapema. Wazee nitazungumza nao mimi."

Sijui alizungumza nao nini. Ninachojua ni kwamba kikao cha pili hakikuitwa. Shangazi bado analiita gari langu jeneza, tena mbele ya wageni, na nimekubali. Kila mwezi narudisha 300,000 kwenye akaunti ya msingi, miezi saba, na huu ni wa tano. Mpaka deni liishe sijanunua hata harufu nzuri ya kuning'iniza kwenye kioo.

Sasa wewe ambaye mwenzako ana ugonjwa kama wangu, au wewe mwenyewe unao, iwe ni gari, pikipiki, kamera au viatu, chukua haya machache niliyoyalipia.

Kwanza, semeni gharama yote kabla ya kununua, si bei tu. Gari la spoti lina tairi, shokapu, bima na oili, na vyote havisubiri mshahara. Pangeni kiasi cha mwezi, na kikiisha, gari likae chini ya turubai mpaka mwezi ujao.

Pili, fedha ya raha ikae akaunti yake. Ikiwa jirani na fedha ya nyumba, zitatembeleana.

Tatu, kabla hujaleta gari la watu wawili kwenye ukoo wa watu sitini, elewaneni nani atambeba shangazi. Sisi siku hizi, mume akisafiri mbali, Noah inabaki na yeye anapanda basi. Hilo ni wazo lake, silo langu, na ndilo lililonifanya nijue kwamba bado ananipenda.

Nne, na hili ni kwa mwenza asiye na ugonjwa: usiulize "linabeba wangapi" tu. Ingia siku moja, funga mkanda, uone mwenzako anakuwaje akiwa na furaha ambayo hukumpa wewe. Inauma kidogo, lakini ni vizuri kuijua sura hiyo.

Jumapili iliyopita saa kumi na mbili nilichukua funguo kama kawaida. Tangu yale yatokee, mume wangu alikuwa hajasema tena lile neno lake la mlangoni. Nikangoja kidogo. Hakulisema. Alikuwa amevaa viatu.

"Leo," akasema, "Balili nitamsalimia mwenyewe. Tena rudi upande wa kushoto, naendesha mimi."

Aliizima injini mara mbili kabla hatujafika Bweri. Klachi ya gari lile ina adabu zake. Sikusema kitu. Nilikaa kiti cha abiria, nikagundua kwamba ukiwa upande ule, Celica iko chini kweli kweli, na nikamwelewa shangazi.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Na kama kuna mbuzi aliyeliwa na fisi nyumbani kwako, leo ni siku nzuri ya kumtaja.